Vyuo vya Wamarekani Weusi na Mwanafunzi wa Sayansi

Jioni moja huko Ekalakala, baada ya kipindi cha Fizikia, kijana mmoja wa kidato cha tatu alibaki nyuma wenzake walipokwisha kutoka. Alinisaidia kufuta ubao, akazipanga nyaya na betri sandukuni, kisha akaniuliza: "Mwalimu, nikifaulu, ni nani atakayenisomesha uhandisi?" Angalia, msomaji wangu, alivyoliweka swali lake. Hakuuliza kama uhandisi ni mgumu, wala kama yeye ana akili ya kutosha. Hayo alikuwa amekwisha kuyapima mwenyewe. Aliuliza juu ya yale yajayo baada ya kufaulu: ada, chakula, vitabu, mahali pa kulala, na mtu wa kumwendea hisabati zinapomshinda usiku.

Nchi yetu hii ya Masinga ni kavu, na mvua zake ni za kubahatisha, lakini haikukosa vitu vya kumtia kijana hamu ya uhandisi. Liko bwawa la Masinga, lililokamilishwa mwaka 1981, ambalo huyakusanya maji ya mto Tana na kuzungusha mitambo yenye uwezo wa megawati 40. Mtoto aliyekwenda kulitazama hurudi nyumbani akiwa na maswali ambayo baba yake hawezi kuyajibu. Basi hamu ipo. Lililo gumu ni safari iliyo kati ya hamu na shahada, na katika safari hiyo wengi huanguka njiani bila ya kuwa na kosa lolote.

Swali la kijana yule si geni. Liliulizwa zamani na vijana wengi, wengine wa nchi hii na wengine wa ng'ambo ya bahari. Na katika kusoma kwangu sijaona mahali palipojaribu kulijibu kwa bidii kuliko vile vyuo vilivyoanzishwa Marekani kwa ajili ya watu weusi. Tena vyuo hivyo havikuwa mbali na historia yetu, kama uwezavyo kudhani.

Kabla ya mwaka 1865, ulipokomeshwa utumwa nchini Marekani, katika majimbo mengi ya Kusini ilikuwa ni hatia kumfundisha mtumwa kusoma. Huko Kaskazini walikuwako watu huru weusi, na kwa ajili yao vilianzishwa vyuo vichache: Cheyney mwaka 1837 na Lincoln mwaka 1854, vyote katika jimbo la Pennsylvania, kisha Wilberforce mwaka 1856 katika jimbo la Ohio. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, vyuo viliota kama uyoga baada ya mvua: Fisk mwaka 1866, Howard mwaka 1867, Hampton mwaka 1868. Mwaka 1890 ikapitishwa sheria iliyosema kwamba jimbo lisilotaka kuwapokea weusi katika chuo chake cha kilimo na ufundi, halina budi kuwajengea chuo chao peke yao kama linataka fedha za serikali kuu. Sheria hiyo iliukubali ubaguzi, na kwa hiyo haikuwa ya haki. Lakini kutokana nayo vilizaliwa vyuo vya kilimo na uhandisi, kama kile cha Greensboro katika North Carolina, kilichoanzishwa mwaka 1891.

Kati ya vyote hivyo, uliovuma zaidi katika Afrika ni Tuskegee, katika jimbo la Alabama. Ulifunguliwa tarehe 4 Julai 1881 na Booker T. Washington, mtu aliyezaliwa utumwani. Serikali ya jimbo ilimpa dola 2,000 kwa mwaka za kulipa mishahara ya walimu, wala haikumpa kiwanja wala nyumba. Washington aliamua kwamba wanafunzi wake watajijengea madarasa wenyewe, na kwa kuwa walihitaji matofali, wakaanza kuyafyatua na kuyachoma. Wewe unayetoka katika nchi ya matanuri wajua kazi hiyo ilivyo: moto ukizidi huharibu, ukipungua huharibu. Tanuri la kwanza liliharibika, la pili likaharibika, la tatu nalo likabomoka siku ambazo lilikuwa karibu kuiva. Fedha zikaisha. Hapo Washington alichukua saa yake, akaenda mjini Montgomery, akaiweka rehani kwa dola 15. Na kwa fedha hizo tanuri la nne likachomwa, likafaulu. Saa yenyewe hakuikomboa tena.

Mwaka 1896 akaja Tuskegee mwalimu mwingine ambaye kila mwanafunzi wa sayansi apasa kumjua. Huyo ni George Washington Carver, mtaalamu wa mimea. Naye alizaliwa utumwani, na alikuwa amesoma katika chuo cha kilimo cha Iowa. Alipofika hakukuta maabara. Hakuandika barua ya kulalamika na kungojea. Aliwachukua wanafunzi wake wakaenda jaani kuokota chupa zilizotupwa, masufuria yaliyotoboka, vifuniko vya mitungi na vipande vya waya. Chupa zilizovunjika zilikatwa shingo zikawa vyombo vya kupimia. Kikombe kizito cha chai kikawa kinu cha kusagia dawa. Chupa ya wino ikatiwa utambi ikawa taa ya kuchemshia. Nami nimefundisha Kemia kwa chupa za soda, kwa hiyo nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu.

Lakini usidhani kwamba Carver aliyapenda majaa. Alichokitaka ni kwamba mwanafunzi asikose jaribio hata siku moja kwa sababu ya kukosa chombo. Naye alilichagua tatizo lililokuwa mbele ya macho ya wote: udongo wa Kusini ulikuwa umechoka kwa pamba iliyolimwa mwaka baada ya mwaka. Aliwafundisha wakulima kupanda kunde, karanga na viazi vitamu ili udongo upate nguvu na watu wapate chakula. Na mwaka 1906 Tuskegee ukatengeneza gari la kukokotwa na nyumbu, likabeba vyombo vya kilimo na mafundisho mpaka mashambani kwa watu wasioweza kuja chuoni. Machakos ya miaka ya 1930, iliyojulikana kwa makorongo na udongo mwekundu uliochukuliwa na maji, ingalifaidika na mtu wa namna hiyo.

Habari za vyuo hivyo zilifikaje kwetu? Mwaka 1921 Harry Thuku, kiongozi wa Chama cha Afrika Mashariki, aliandika barua kutoka Nairobi mpaka Tuskegee akiomba msaada kwa ajili ya elimu ya watu wake. Mwaka 1924 likaja Kenya baraza la wachunguzi wa elimu lililotumwa na Mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani, na mmoja wa wajumbe wake alikuwa Mwafrika, Dakta James Aggrey, mzaliwa wa Ghana, aliyesoma na kufundisha katika chuo cha weusi cha Livingstone, North Carolina. Mwaka uliofuata ikafunguliwa shule ya Jeanes huko Kabete ya kufunza walimu wasafiri wa vijijini. Jina lake lilitokana na Anna Jeanes, mama wa Philadelphia aliyetoa dola 1,000,000 mwaka 1907 kwa ajili ya shule za weusi wa mashambani.

Hapa sina budi kusimama kidogo, maana ndipo palipokuwa na mgogoro. Wengi wa watawala walipoutazama Tuskegee waliona seremala, mwashi na mkulima, wakafurahi; wakasema hiyo ndiyo elimu imfaayo Mwafrika, asije akataka makubwa. Waafrika walipoutazama Tuskegee ule ule waliona kitu kingine: chuo kilichoongozwa na mtu mweusi, chenye walimu weusi, na mwanakemia mweusi ndani ya maabara yake. Hata Marekani kwenyewe ugomvi huo ulikuwako. W. E. B. Du Bois, aliyesoma Fisk, alimshutumu Washington kwa kuyaweka mbele mno mafunzo ya mikono na kuinyamazia elimu ya juu. Kwa maoni yangu Du Bois alikuwa na haki katika jambo hilo, ingawa yeye hakuchoma matofali. Kumfundisha mtu kutengeneza meza ni kwema. Kumfundisha meza peke yake, kwa kukusudia asijue hesabu za daraja, ni kumfunga.

Vijana wetu wa zamani zile waliuelewa mtego huo, nao wakaenda kujitafutia. Mbiyu Koinange wa Kiambu aliondoka mwaka 1927 kwenda Hampton, katika jimbo la Virginia, na kutoka huko akaendelea mpaka vyuo vikuu vya Ohio Wesleyan na Columbia. Aliporudi akaongoza chuo cha ualimu cha Githunguri, kilichofunguliwa mwaka 1939 kwa michango ya Waafrika wenyewe. Kutoka Uganda, Ernest Kalibala alikwenda Tuskegee, kisha Columbia, akarudi kufungua shule aliyoipa jina la Aggrey. Hao walikuwa wachache mno. Safari ilikuwa ya meli, ya majuma mengi, na serikali haikuipenda.

Tufike sasa mwaka 1959. Makerere ilikuwa ikifundisha kwa shahada za Chuo Kikuu cha London tangu mwaka 1949, na Chuo cha Ufundi cha Kifalme cha Nairobi kilikuwa kimefungua milango mwaka 1956. Lakini nafasi za vyuo hivyo viwili hazikutosha vijana wa Afrika Mashariki nzima, na uhuru ulikuwa ukibisha hodi. Nani angezijenga barabara? Nani angeyapima maji, na kuitibu mifugo? Mtu aliyelishika swali hilo kwa mikono miwili ni Tom Mboya. Yeye alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, ambako baba yake alifanya kazi, na masomo yake ya utotoni aliyapata Kabaa, humu humu Machakos. Mapema mwaka 1959 alizunguka Marekani akihutubia chuo baada ya chuo na kuomba nafasi za masomo. Alizipata nyingi kuliko alivyotazamia, lakini hapakuwa na nauli. Ndipo rafiki zake wa Marekani walipochanga fedha za kukodi ndege, miongoni mwao mchezaji Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, na mwezi wa Septemba wanafunzi 81 wakatua New York. Mwaka uliofuata jamaa ya Kennedy ikatoa dola 100,000 kwa safari nyingine. Hata kufikia mwaka 1963 mamia ya vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wamekwenda kwa njia hiyo. Wangari Maathai, aliyekwenda mwaka 1960, alisoma biolojia. Chuo chake cha Kansas hakikuwa cha weusi, kilikuwa cha masista wa Kikatoliki. Wengine walipokewa Howard, Tuskegee na Philander Smith, huko Little Rock.

Lakini ndege ilikuwa ni mlango tu. Nyumbani jamaa waliuza mbuzi na ng'ombe, vijiji vikafanya karamu za chai za kuchangisha. Na mwanafunzi alipokwisha kufika aligundua kwamba msaada wa masomo ulilipa ada tu, haukulipa chakula wala koti la baridi. Wengi waliosha vyombo hotelini usiku na kusoma mchana. Katika Kusini waliona, tena kwa macho yao, vibao vya kuwatenga weusi na weupe. Mwanafunzi wa sayansi alikuwa na taabu zaidi, kwa kuwa saa za maabara haziwezi kuhamishwa zipishe kazi ya hoteli.

Liko tendo moja la mwaka huo ambalo nalipenda kuliko yote. Tarehe 13 Mei 1959 Mboya alialikwa mjini Atlanta katika karamu iliyoandaliwa na chama cha Mchungaji Martin Luther King. Katika hotuba yake King alisema kwamba haoni tofauti ya msingi kati ya ukoloni na ubaguzi wa rangi. Maneno hayo yangeweza kuishia mezani pamoja na chakula. Hayakuishia. Mwezi wa Julai King alimwandikia Mboya kwamba chama chake na kanisa lake la Dexter Avenue, mjini Montgomery, vitasaidia kumlipia masomo kijana mmoja wa Kenya katika chuo cha Tuskegee.

Fikiri kanisa hilo lilikuwa la nani. Montgomery ndio mji ambao watu wake weusi, tangu Desemba 1955 hata Desemba 1956, walikataa kupanda mabasi yaliyowabagua, wakatembea kwa miguu au kwa kubebana katika motokaa kwa muda wa siku 381. Katika waumini wa Dexter walikuwamo waliotembea siku hizo. Miaka mitatu haijatimia, watu hao hao wanatia sadaka sahanini kwa ajili ya mtoto wa nchi wasiyoiona, akasome katika chuo kilicho mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka mlangoni pao. Hawakumpa nauli wakamwacha. Waliahidi kumtunza katika masomo. Mimi husema kwamba sadaka ile ni sehemu ya historia ya Kenya, hata kama vitabu vyetu vingi vya shule huipita bila kuitaja.

Tena kuchanga namna hiyo kulikuwa desturi yao ya siku nyingi. Mwaka 1944 mkuu wa Tuskegee, Frederick Patterson, daktari wa mifugo, aliviunganisha vyuo 27 vya weusi viombe fedha kwa pamoja badala ya kila kimoja kubisha mlango wa tajiri yule yule. Mfuko huo ungaliko hata leo, na umesomesha watu wengi mno.

Siku hizi vyuo hivi ni kama 100. Ni sehemu ndogo, asilimia 3 hivi, ya vyuo vyote vya Marekani, walakini sehemu kubwa ya weusi wa nchi hiyo wanaopata shahada za sayansi na uhandisi hutoka humo. Chuo cha Greensboro nilichokitaja kimekuwa mashuhuri kwa kutoa wahandisi weusi wengi. Namna wanavyofanya yafaa uijue. Kijana aliyetoka katika shule isiyo na maabara nzuri huitwa chuoni mapema, wakati wa likizo ya kiangazi, apigwe msasa katika hisabati kabla ya mwaka wa kwanza kuanza, kwa kuwa hisabati ya mwaka wa kwanza ndiyo iwaangushayo wengi. Huwekwa katika kikundi cha wenzake wanaosoma pamoja. Hupewa kazi ya malipo ndani ya maabara ya mwalimu wake, ili asiende kuosha vyombo. Katika chuo cha Xavier, mjini New Orleans, tangu miaka ya 1970 walimu wa sayansi walikaa pamoja wakapatana nini kifundishwe, kwa utaratibu gani, na nani amwangalie aliyeanza kubaki nyuma. Na chuo hicho kidogo kikawa mashuhuri kwa kuwapeleka weusi katika vyuo vya udaktari. Tangu miaka ya 1990 Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani nao huvisaidia vyuo hivi kwa fedha zilizotengwa kwa kazi hiyo hasa.

Kwetu, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ilianzishwa kwa sheria mwaka 1995, nayo ndiyo iliyokuwa ya kwanza katika jibu nililompa kijana wa Ekalakala. Lakini mkopo haukai na mtu usiku akifanya hesabu, naye alilijua hilo. Kwa hiyo nikamweleza habari ya darasa moja.

Mwaka 1918 alizaliwa katika jimbo la West Virginia msichana aliyeitwa Katherine, aliyependa kuhesabu kila kitu, hata sahani alizoosha. Shule ya weusi ya mji wao iliishia darasa la nane. Baba yake akaihamisha jamaa kila mwaka wa masomo mpaka mji wa Institute, safari ya kilomita 200 hivi, uliokuwa na shule ya sekondari na chuo cha weusi. Katherine aliingia chuo hicho akiwa bado mtoto. Humo alikuwamo mwalimu kijana, William Claytor, mmoja wa weusi wa kwanza kabisa kupata shahada ya udaktari wa hisabati nchini Marekani. Yeye alimtazama, akamwambia kwamba atafaa kuwa mtafiti wa hisabati, na kwamba yeye Claytor atahakikisha ameandaliwa. Msichana alipomaliza masomo yote ya hisabati yaliyokuwako, mwalimu akatunga somo jipya, jiometria ya anga, akalifundisha kwa ratiba kamili. Mwanafunzi alikuwa mmoja tu.

Katherine alipata shahada yake mwaka 1937, na umri wake miaka 18. Mwaka 1953 akaingia kazini katika maabara ya Langley ya mambo ya ndege, iliyokuja kuwa sehemu ya shirika la anga la NASA. Na mwaka 1962, John Glenn alipokuwa tayari kuizunguka dunia, alitaka kwanza hesabu za mashine ya kompyuta zihakikishwe na Katherine Johnson kwa mkono. Alifariki mwaka 2020, akiwa na miaka 101.

Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, sanduku la betri mapajani. Nilidhani ataniuliza habari za roketi. Akauliza: "Mwalimu, katika lile somo la mtu mmoja, kama siku moja angaliugua?"

Nikamwambia kwamba siku hiyo mwalimu angaliandika katika daftari la mahudhurio kwamba darasa zima halikuja. Akacheka, akaliweka sanduku kabatini, akaniomba ufunguo ili aje mapema kesho.